Kiti Kizungukacho

Mgeni abishapo hodi katika nyumba za kwetu, jambo la kwanza atendewalo ni kuitikiwa, na la pili ni kusogezewa kiti. Watu wa Siyu na Lamu waliliona jambo hili kuwa kubwa, hata mafundi wao wakatengeneza kiti cha enzi, kiti cha mpingo kilichotiwa njumu za pembe za ndovu, kikawekewa mgeni wa heshima. Mwenye nyumba aweza kumpa mtu chakula mlangoni, naye akashukuru akaenda zake. Lakini akimwambia, "Karibu, keti," amekiri kwamba ni mwenziwe. Nakuomba, msomaji, uishike tofauti hiyo iliyopo kati ya kulisha na kuketisha, kwa maana habari nitakayokusimulia imejengwa juu yake.

Kiti chenyewe si cha enzi. Ni kile kirefu cha mguu mmoja, chenye kikalio cha mviringo kinachozunguka, ambacho siku hizi utakiona katika majiko mapya ya mijini, kando ya kaunta ya kulia. Wanunuzi wengi hutazama rangi na ngozi ya kikalio, na hapo ndipo wanapopotea. Uimara wake huonekana chini. Mtu akijigeuza akiwa juu, uzito wake husukuma upande mmoja. Basi kitako cha kiti sharti kiwe kipana na kizito, la sivyo nguzo yake ifungwe sakafuni kwa skrubu. Pale kinapozungukia pawe na gololi za chuma zilizofungwa vizuri, pasiwe na mchezo. Kaunta yenye kimo cha sentimita 90 hutaka kiti cha sentimita 65 hivi, ili magoti yapate nafasi.

Kuzunguka si wazo la jana. Mwaka 1776 Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani, alikuwa na kiti cha mbao ambacho sehemu yake ya juu ilizunguka juu ya ile ya chini. Yasemekana kwamba alikikalia alipokuwa akiandika Azimio la Uhuru, hati inayotangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Kiti hicho kimehifadhiwa mjini Philadelphia. Mwenyewe alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake.

Katika karne ya 19 wapiga piano walitumia kigoda chenye skrubu, kilichopanda na kushuka kwa kuzungushwa. Kisha wenye maduka ya Marekani wakaona faida yake. Kiti kikifungwa sakafuni hakihitaji kuvutwa nyuma, hakiibiwi, na vingi hupangwa mahali padogo. Mteja hugeuka akaketi, akala, akageuka tena akaondoka, na mwingine akashika nafasi yake. Kaunta za namna hiyo zilienea, na miongoni mwa zilizojulikana sana ni zile za maduka ya Woolworth, yaliyoanzishwa mwaka 1879 kwa kuuza vitu vya bei rahisi.

Sasa fikiri, msomaji. Katika miji ya kusini mwa Marekani mtu mweusi aliruhusiwa kuingia katika maduka hayo, akanunua kalamu au kitambaa, na fedha zake zikapokelewa bila kuulizwa rangi. Aliweza hata kununua chakula, mradi asimame. Kilichokatazwa ni kuketi.

Jumatatu tarehe 1 Februari 1960, mjini Greensboro katika jimbo la North Carolina, vijana wanne waliingia katika duka la Woolworth. Majina yao ni Ezell Blair, Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond, wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha watu weusi mjini humo. Walikuwa na umri usiozidi sana wako. Kwanza walinunua vitu vidogo, kama dawa ya meno, wakatunza stakabadhi zao. Kisha wakaenda kwenye kaunta ya chakula, wakaketi juu ya viti vile vizungukavyo, wakaagiza kahawa. Walipoambiwa kwamba hawahudumiwi, walionyesha stakabadhi: mbona kaunta ile imepokea fedha zetu, na hii yatukataa? Hawakupata kahawa. Hawakuondoka pia, hata duka lilipofungwa.

Siku ya pili walikuja zaidi ya 20, wakiwa na vitabu vyao, wakasoma hapo hapo. Jumamosi walifika watu wapatao 1,000. Kabla ya Machi kwisha, miji zaidi ya 50 ilikuwa imeona vijana wakiketi vivyo hivyo. Wala usidhani kwamba mambo haya hayakutuhusu. Septemba 1959 ndege ilikuwa imewafikisha New York wanafunzi 81 wa Afrika Mashariki, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake. Wengi wao walitoka Kenya, ambako hoteli kadha hazikumpokea Mwafrika ila kama mtumishi.

Wenye kuogopa walitafuta hila. Mjini Danville, Virginia, mwaka 1960 maktaba ya umma ilipolazimika kuwakubali watu weusi, iliondoa viti vyote: watu wa rangi zote wasome wakisimama! Huenda utacheka, lakini hila hiyo yakuonyesha wazi ni kitu gani hasa kilichoogopwa.

Kwingine walitumia nguvu. Tarehe 28 Mei 1963, mjini Jackson, Mississippi, walioketi kwenye kaunta ya Woolworth walimwagiwa sukari, haradali na mchuzi wa nyanya vichwani. Mwanafunzi Memphis Norman aliangushwa kutoka kitini, akapigwa mateke sakafuni. Wenzake waliendelea kukaa. Tarehe 2 Julai 1964 Rais Johnson alitia sahihi sheria iliyokataza ubaguzi katika mahali pa kulia.

Greensboro kwenyewe haikungoja sheria hiyo. Biashara ilikuwa imepungua, na tarehe 25 Julai 1960 kaunta ilifunguliwa kwa wote. Leo viti vinne vya hapo vimo katika makumbusho mjini Washington. Siku hiyo ya Julai, watu weusi wa kwanza kuhudumiwa juu ya viti hivyo hawakutoka chuoni. Walikuwa wafanyakazi wa duka lile lile, waliozoea kuwatayarishia wengine chakula. Walivua sare zao za kazi, wakavaa nguo zao wenyewe, wakazunguka upande wa pili wa kaunta, wakaketi.