Uwanja wa Majimaji: Nyumbani kwa Wanalizombe na kumbukumbu ya soka la Ruvuma

UWANJA wa Majimaji uliopo katika Manispaa ya Songea ndio uwanja mkuu wa soka mkoani Ruvuma. Kwa mashabiki wa Songea, Namtumbo, Tunduru, Mbinga na wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, hapo ndipo mkoa huu ulipojipatia jina katika ramani ya mpira wa Tanzania.

Jina la uwanja limebeba historia nzito kuliko mchezo wenyewe. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani viliacha jeraha kubwa katika nchi ya Wangoni. Tarehe 27 Februari, 1906 mashujaa 67 walinyongwa mjini Songea, na mji wenyewe umebeba jina la Nduna Songea Mbano, naye akiwa miongoni mwa viongozi walionyongwa mwaka huo. Hivyo klabu na uwanja vilipoitwa Majimaji, halikuwa jina la kupamba jezi tu.

Mashabiki nao waliiongezea timu jina la utani, Wanalizombe, kutokana na lizombe, ngoma maarufu ya Wangoni. Wamatengo wa milima ya Mbinga hawachezi lizombe kama ngoma yao ya asili, na watu wa mwambao wana mganda na kioda. Hata hivyo, ilipokuja siku ya mechi, wote walikuwa Wanalizombe. Ni ngoma chache zilizowahi kuwakusanya watu wa mkoa huu kwa namna hiyo.

Enzi ya dhahabu ya Majimaji ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Kuanzia mwaka 1982, bingwa wa Tanzania alipatikana kupitia Ligi ya Muungano, iliyozikutanisha klabu bora za Tanzania Bara na zile za Zanzibar. Majimaji ilitwaa ubingwa huo mwaka 1985, ikaurudia mwaka 1986. Ikumbukwe kuwa mwaka huo wa 1986 bingwa wa Bara alikuwa Tukuyu Stars ya Rungwe, timu nyingine ya mikoa ya kusini iliyowashangaza wengi. Kwa kipindi kifupi, kitovu cha soka la nchi kilihama Kariakoo kikapanda milimani.

Uzito wa mafanikio hayo hauonekani vizuri bila kutazama umbali. Songea ipo takriban kilometa 950 kutoka Dar es Salaam na haina reli. Wasafiri wa TAZARA hushuka Makambako, kisha hubaki na safari ya kilometa zipatazo 300 kwa gari. Barabara ya lami ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza, nayo ni ya miaka hiyo hiyo ya 1980. Kabla ya hapo masika yalitosha kuugeuza mkoa kuwa kisiwa. Timu ngeni zilifika Songea zikiwa zimechoka, lakini Majimaji nayo ililazimika kuifunga safari hiyo hiyo kila ilipocheza ugenini, na bado ikawa bingwa.

Ubingwa wa tatu ulikuja mwaka 1998. Huo ndio wa mwisho. Tangu mwaka 2001 ubingwa wa Ligi Kuu umetoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, pale Azam FC ilipoutwaa msimu wa 2013/14. Gharama za usajili, safari na kambi zimepanda kwa kiwango ambacho klabu ya mkoani isiyo na mfadhili wa kudumu haikimudu kwa urahisi. Majimaji ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2010/11, ikarejea Ligi Kuu msimu wa 2015/16 kwa shangwe kubwa, kisha ikashuka tena mwaka 2018.

Uwanja, unaomilikiwa na Chama Cha Mapinduzi kama vilivyo viwanja vingi vikubwa vya mikoani, haukufungwa kwa sababu hiyo. Msimu wa 2021/22 Mbeya Kwanza iliutumia kwa baadhi ya mechi zake za nyumbani, na wakazi wa Songea wakaiona tena Ligi Kuu, ingawa kwa jezi ya wengine. Baadaye jina la mji lilirudi katika Ligi ya Championship kupitia Songea United, iliyoshiriki msimu wa 2024/25. Septemba 2024, Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alifunga uwanjani hapo Tamasha la Tatu la Utamaduni la Kitaifa, na ngoma za mikoa mbalimbali zikasikika pale palipozoea vigelegele vya mabao.

Kwa shabiki wa Mbinga au Nyasa, njia ya kwenda Majimaji sasa ni nyepesi kuliko wakati wowote. Barabara ya Songea hadi Mbinga ni ya lami, na lami hiyo imeendelezwa kwa kilometa takriban 67 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ikiteremka kutoka milima ya kahawa na ngoro za Wamatengo mpaka ufukweni. Mkazi wa Mbamba Bay anaweza kuondoka ziwani asubuhi, akatazama mechi ya jioni mjini Songea na kurudi kwake usiku huo huo. Mwaka 1985, timu ilipokuwa bingwa, safari hiyo ilikuwa ya barabara ya vumbi na matope.