Bamba Jembamba Lililoiona Virunga

Watu wengi husimulia historia ya rada za kupiga picha kwa kutaja setilaiti. Mimi, mwalimu wa antena, huianzia kwenye kipande cha shaba kinachoenea kiganjani. Georges Deschamps alilidokeza wazo lake mwaka 1953; mapema miaka ya 1970 Robert Munson wa kampuni ya Ball, kule Colorado, akalifanya antena halisi: vipande vya shaba juu ya tabaka la kihami, nyuma yake bamba la metali.

Kwa wembamba huo, Seasat, setilaiti ya rada ya NASA, iliruka Juni 1978 ikiwa imekunja paneli 8. Zilipokunjuliwa angani, antena ikawa na urefu wa mita 10.74 na upana wa mita 2.16.

Lakini wembamba una gharama, na hapa huwa siharakishi darasani. Kipande kilichokaribiana mno na bamba la nyuma huitikia masafa machache tu, kama kengele yenye mlio mmoja. Rada nayo huhitaji masafa mapana ili itenganishe vitu vilivyo jirani. Seasat ilikuwa na upana wa masafa wa megahezi 19, sawa na takriban mita 8 kwenye mstari wa wimbi na mita 25 ardhini. Ukinenepesha kihami unapata masafa zaidi, ila mawimbi huanza kutambaa ndani yake badala ya kutoka. Ndipo mafundi wakajifunza kupandanisha vipande viwili vinavyoitikia masafa yanayopakana.

Tena, Seasat ilituma na kupokea mawimbi yanayotikisika kwa mlalo pekee. Matawi na majani huligeuza wimbi. Sehemu ya lililotumwa kwa mlalo hurudi ikiwa wima, na antena ile haikuwa na njia ya kuipokea. Rada ya SIR-C, iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour mara mbili mwaka 1994, ilikuwa nayo. Kila mwelekeo wa wimbi, mlalo na wima, ulihitaji njia yake, na njia hizo zisivujiane: uvujaji mdogo tu, na uwanja mtupu utaonekana msitu.

Aprili ya mwaka huo, Rwanda ikiwa ndani ya mauaji ya kimbari, rada hiyo ilipiga picha milima ya Virunga, ambayo mara nyingi hufunikwa na mawingu. Lava na msitu wa masokwe vikatengana waziwazi. Kwangu hiyo ndiyo picha kuu ya rada ya karne ile.

Mwaka 2007 Wajerumani walirusha setilaiti ya rada TerraSAR-X: antena ya mita 4.8, moduli 384, mielekeo yote miwili, megahezi 150. Vipande vya shaba waliviacha, wakatumia mirija ya mawimbi yenye mianya.