Tanga, Novemba 1914: Saa Moja ya Nahodha Caulfeild

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox iliingia peke yake bandari ya Tanga, katika koloni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Nahodha wake, Caulfeild, alimwambia mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, kwamba mapatano ya Agosti ya kutoshambuliana yamekwisha. Akampa saa moja ashushe bendera na kuusalimisha mji. Kisha akamuuliza kama bandari imetegwa mabomu, akahakikishiwa kwamba imetegwa. Haikuwa hivyo. Saa moja ikapita, zikafika tatu, bendera bado iko juu. Fox ikaondoka kwenda kuzileta meli 14 zilizosheheni wanajeshi.

Mji ulikuwa na kompani moja tu ya askari. Simu ya waya ikapeleka habari Moshi kwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani, na treni za reli ya Usambara zikaanza kuteremsha watu pwani.

Vitabu vingi humcheka Caulfeild. Nani anayempigia adui hodi kabla ya kumvamia? Lakini turudi kwenye sitaha ya meli yake asubuhi ile. Mapatano yale yalifanywa na wanamaji wenzake, na ingawa wakubwa wa London walikataa kuyaidhinisha, neno la afisa lilikuwa limeshatolewa. Isitoshe, tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imeizamisha Pegasus pale Unguja, bandarini. Nahodha aliyepata habari ile alikuwa na kila sababu ya kuogopa maji asiyoyajua. Sisi tunajua kwamba mabomu hayakuwepo, yeye hakujua.

Jenerali Aitken, aliyeongoza uvamizi huo, simwoni hivyo. Alikuja na wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, wengi wao hawajawahi kupigana pamoja, wamechoshwa na wiki kadhaa za bahari. Maafisa wa King's African Rifles, kikosi cha Kiingereza cha askari Waafrika, walimwonya kwamba askari wa Wajerumani si watu wa kubeza. Akawabeza, na msaada wa kikosi hicho akaukataa. Dharau kwa Mwafrika ilikuwa hewa waliyoivuta maofisa wengi wa enzi ile, na hilo linatueleza alivyofikiri. Halimwondolei lawama, maana waliomwonya waliivuta hewa hiyohiyo.

Wanajeshi wake waliteremka Ras Kasone, wakapenya mashamba na vichaka kuelekea mjini. Usiku wa kuamkia tarehe 4, Lettow-Vorbeck alipanda baiskeli akaizungukia Tanga iliyokuwa tupu, akikagua mwenyewe. Kulipokucha alikuwa na watu kama 1,000. Jioni Waingereza walikuwa wanarudi nyuma wakikimbizwa na risasi na nyuki, na kesho yake wakapanda meli wakiacha bunduki na risasi ambazo Wajerumani walizitumia muda mrefu. Nyuki walikuwepo kweli, na waliwauma wa pande zote mbili. Ila hadithi yao imependwa mno, kwa kuwa ukimlaumu nyuki hakuna jenerali wa kumuuliza.

Anayesahaulika katika simulizi hii ni gavana wa koloni, Heinrich Schnee. Yeye hakutaka miji ya pwani ipiganiwe. Alitegemea Mkataba wa Berlin wa 1885, ulioacha mlango wa kuziweka koloni za ukanda huu nje ya vita vya Ulaya, na katika mambo ya jeshi alivutana na Lettow-Vorbeck tangu mwanzo. Wanaomsifu kamanda humwita Schnee mwoga. Hata hivyo, alikabidhiwa koloni mwaka 1912, miaka mitano tu baada ya vita vya Maji Maji kuzimwa kwa kuchoma mashamba na kuachia njaa iue. Gavana wa nchi ile alipoamua juu ya vita, hakuweza kuhesabu bunduki tu. Ilimbidi ahesabu pia maghala ya nafaka na subira ya watu waliotawaliwa kwa nguvu. Simwiti mtetezi wa Waafrika. Alitetea utulivu wa serikali yake na mali za walowezi.

Ushindi wa Tanga ulimpa kamanda silaha, jina na sauti ya mwisho. Mji wenyewe ulitekwa Julai 1916, lakini vita viliendelea kuhama kusini, na Lettow-Vorbeck hakusalimu amri mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia. Katikati ya nchi, majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamepita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba iliyobaki. Wagogo wakaiita njaa ile Mtunya, na ilipomalizika walikuwa wamekufa maelfu kwa maelfu, wengi kuliko wote walioanguka Tanga.