Nakala Rudufu za Mifumo Mikubwa ya Mafaili

Nakala rudufu ni data iliyowekwa kando ili ile inayotumika ikipotea, kazi iweze kuendelea. Kwa kompyuta moja ya ofisini, diski ya nje na muda kidogo wa kusubiri vinatosha. Mambo hubadilika pale mafaili yanapokuwa ya maelfu ya watu, yametawanywa katika seva nyingi ambazo mtumiaji huziona kama diski moja, na mchana na usiku hakuna saa ambayo watumiaji wote wametulia.

Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mifumo 96 iliteketea, ukiwamo G-Drive, ghala ambamo watumishi wa umma walielekezwa tangu 2018 kuweka nyaraka zao za kazi, kila mmoja kwa nafasi ya gigabaiti 30. Terabaiti 858 zilipotea. G-Drive haikuwa na nakala nje ya jengo lile, na maofisa walieleza kwamba ghala lilikuwa kubwa mno na la mwendo wa polepole, hata kulinakili kwenda kwingine kukashindikana. Maelezo hayo ni magumu kuyakubali, kwa kuwa kadiri ghala linavyokua ndivyo watu wengi zaidi wanavyoumia likiungua.

Ugumu wenyewe, hata hivyo, ni wa kweli, na hesabu yake si ndefu. Waya unaopitisha gigabiti 1 kwa sekunde, bila kupumzika, ungechukua siku 79 kuhamisha terabaiti 858. Wa gigabiti 10 ungechukua karibu siku nane. Ndiyo maana wasimamizi hunakili vyote mara moja, kisha huendelea kuchukua yaliyobadilika tu. Kuyatambua hayo yaliyobadilika nako kuna gharama: programu inayopita faili moja baada ya jingine ikiuliza lilihaririwa lini huweza kukesha katika mfumo wenye mamilioni ya mafaili madogo kabla haijanakili kitu. Mifumo iliyoundwa vizuri hutunza yenyewe orodha ya mabadiliko. Tena hugandisha sura ya mafaili yote kwa wakati mmoja, na kinachonakiliwa ni sura hiyo iliyogandishwa huku watu wakiendelea kuandika. Bila hivyo, nakala huchanganya ukurasa wa asubuhi na wa jioni.

Wengi hudhani mfumo uliotawanywa unajilinda wenyewe. HDFS, unaotumika sana kwa data kubwa, kwa kawaida huweka kila kipande cha faili mara tatu katika mashine tofauti. Mashine moja ikifa, mbili zinabaki, na huo ni ulinzi mzuri dhidi ya diski mbovu. Lakini nakala hizo tatu zinatii amri moja. Mtumiaji akifuta faili, au programu yenye kasoro ikiandika upuuzi juu yake, zote tatu hufuata. Ndivyo ilivyokuwa Februari 2011, pale sasisho lenye kasoro lilipofuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, ingawa Google ilikuwa na nakala katika vituo kadhaa. Barua zilirudishwa kutoka kanda za sumaku, ambazo kasoro ile haikuweza kuzifikia kwa sababu hazikuwa zimeunganishwa na mtandao.

Katika Chuo Kikuu cha Kyoto, programu ya kuhifadhi nakala ndiyo iliyoangamiza data. Desemba 2021, maelekezo yake yalibadilishwa huku ikiwa bado inafanya kazi, ikaanza kufuta mafaili ya utafiti: takriban milioni 34, yenye terabaiti 77, ya vikundi 14 vya watafiti.

Janga kubwa ni nadra. Linalotokea kila wiki ni mtu mmoja kufuta faili lake na kulitaka kabla ya chakula cha mchana. Mfumo wa Andrew, uliobuniwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kwa kushirikiana na IBM, ulilitatua hilo kwa namna inayostahili sifa hadi leo. Kila mtumiaji alikuwa na fungu lake, na usiku fungu hilo lilitengenezewa sura ya kusomwa tu. Wasimamizi wengi waliiweka ndani ya folda ya mwenyewe, naye akachukua faili la jana bila kumwomba mtu.

Tanzania ina mfumo unaokumbana na maswali hayohayo ya nakala, nao unafika hadi Nalasi, katika wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Mhudumu wa afya huandika wagonjwa katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya ulioanza miaka ya 1990. Mwisho wa mwezi hujumlisha, na jumla hupelekwa wilayani na kuingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta ulioenea nchi nzima kufikia 2013 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Oslo. Seva ikiharibika, fomu za karatasi zinabaki. Hazisikii amri ya kompyuta yoyote, na takwimu zinaweza kuingizwa upya. Upande wa pili ndio unaotia wasiwasi. Kinachosafiri ni idadi. Jina la mama, tarehe ya hudhurio, dawa aliyopewa, hubaki kitabuni, na kitabu hicho kikiliwa na mchwa au kikilowa, DHIS2 itajua wagonjwa walikuwa wangapi bila kujua walikuwa akina nani.

Nakala inatakiwa ikae mbali na asili yake, ila umbali nao una masharti. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Taasisi ambayo nakala yake pekee ilikuwa ng'ambo isingeweza kuivuta siku hiyo kwa kasi ya maana. Kwa ofisi za Ruvuma, nakala moja Songea na nyingine Dar es Salaam au Dodoma inafikika kwa njia za nchi kavu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeongeza kazi nyingine. Mtu anaweza kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Kuzifuta katika seva ni dakika chache. Katika kanda za miezi 12 iliyopita haiwezekani bila kuziandika upya zote. Njia inayotumika ni kuweka orodha ya waliofutwa na kuipitisha tena kila mara nakala ya zamani inaporudishwa, na orodha hiyo yenyewe huhitaji nakala rudufu.