Denis Burkitt: Daktari Aliyeuliza Kuhusu Maradhi Yasiyokuwepo

Hapa Uganda jina la Denis Burkitt linajulikana kutokana na uvimbe wa taya za watoto alioueleza mwaka 1958. Katika makala hii tunaangalia kazi yake nyingine, ambayo haisimuliwi sana: utafiti wake juu ya maradhi ya utumbo na umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alikuja Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, na mwaka 1948 akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi. Kila hospitali waliyofika waliuliza kama uvimbe ule unaonekana huko au hauonekani. Jibu la "hatujauona" waliliandika kwa uangalifu uleule kama jibu la "tunauona".

Alirejea Uingereza mwaka 1966, na mwaka uliofuata akakutana na hoja za Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini. Cleave alidai kwamba sukari na unga uliokobolewa ndivyo chanzo cha maradhi mengi ya nchi tajiri. Hapo Burkitt akakumbuka Mulago. Kidole tumbo, bawasiri na mawe ya nyongo, maradhi yaliyowajaza wapasuaji wa Uingereza kazi, aliyaona kwa nadra miongoni mwa Waganda. Kwa nini?

Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker na Neil Painter, alichapisha vipimo vyao. Watu walimezeshwa vipande vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha muda wa kutoka kwake ukahesabiwa. Kwa wanavijiji wa Uganda ulikuwa wastani wa saa 36 hivi, na choo chao kilikuwa na uzito wa gramu 470 kwa siku. Kwa wanamaji wa Uingereza ulikuwa saa 83, na choo gramu 104 tu. Burkitt alisema tofauti hiyo inatokana na nyuzinyuzi za chakula, zile ambazo kinu cha kukoboa huziondoa.

Kutokana na hayo alieleza pia maradhi ya umio. Mtu anayefunga choo hujikamua. Mkazo huo, kwa maoni yake, husukuma sehemu ya tumbo juu kupitia kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Hali hiyo hurahisisha tindikali kupanda kwenye umio na kuleta kiungulia. Sehemu hii ya nadharia yake bado ina ubishi, na leo uzito wa mwili na umri hutajwa zaidi. Lakini faida ya nyuzinyuzi kwa jumla imethibitika: uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 ulipendekeza angalau gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Hata hivyo, tusigeuze kazi yake kuwa sifa tupu za vyakula vya zamani. Saratani ya umio imeenea magharibi mwa Kenya, hata kwa watu waliokula nafaka zisizokobolewa na mboga. Huko watafiti wanachunguza vinywaji vya moto sana, pombe, tumbaku na moshi. Jibu la utumbo halikuwa jibu la umio, na njia pekee ya kulijua hilo ilikuwa kuuliza tena, mahali hadi mahali.

Kwa sisi walimu wa lugha kuna funzo hapa. Utafiti wote huu ulitegemea watu kuzungumzia jambo ambalo adabu hulifunika. Kiswahili kina tafsida kama "haja kubwa" na "kwenda msalani", nazo ni nzuri. Lakini mwanafunzi asiyejua kusema "nimefunga choo", "nina kiungulia" au "chakula kinakwama kooni" atanyamaza mbele ya daktari, na ugumu wa kumeza mara nyingi ndio dalili ya saratani ya umio inayomfanya mgonjwa atafute tiba. Tunapofundisha msamiati wa mwili, tusiishie kwenye kichwa, mkono na mguu.