Mgeni, Mwenyeji na Daftari la Nafasi: Historia Fupi ya Istilahi za Mashine Pepe

Katika mswada wa mwongozo mmoja wa mafundi wa kompyuta, ambao mwandishi wa makala haya alipata kuusahihisha, palikuwa na sentensi iliyosema kwamba programu "haiwezi kusoma meza ya mifumo ya mafaili iliyopandwa". Mfasiri hakuwa mzembe. Alikutana na neno la Kiingereza ambalo ni meza na ni jedwali pia, akatwaa lililo karibu. Na kitenzi kilichofuata akakipeleka shambani au mlimani, haijulikani. Walakini fundi anayeusoma ujumbe huo usiku, seva ikiwa imegoma, aweza kudhani kwamba diski imekufa, akaifuta yote na kuanza upya, ilhali hapana faili hata moja lililoharibika. Inafaa basi tuutazame ujumbe huo ulikotoka kabla ya kuutafutia maneno.

Asili yake ni kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Huko, kuanzia mwaka 1964, kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy kilijenga mfumo wa CP-40, ukafuatwa na CP-67, na hatimaye tarehe 2 Agosti, 1972, kampuni ikatangaza VM/370. Kompyuta za siku zile zilikuwa ghali mno, na lengo lilikuwa kuigawa moja kwa watu wengi kwa namna ambayo kila mmoja angeona kwamba anayo yake peke yake. Programu kuu ya kompyuta ilikuwa ikiitwa msimamizi; hii mpya, iliyowasimamia wasimamizi, Kiingereza kiliipa jina la kupindukia. Kwa Kiswahili "msimamizi mkuu" yatosha kabisa.

Diski nazo ziligawanywa. VM/370 iliikata diski moja ya kweli katika vipande vilivyopimwa kwa silinda. Mtumiaji aliyepewa silinda 10, tuseme kuanzia ya 100, aliona diski yenye silinda 10 inayoanza na sifuri. Alipoomba silinda ya 3, msimamizi mkuu alijumlisha, akamletea ya 103. Kwa hiyo tangu mwanzo taarifa ya nafasi ndani ya mashine pepe ilikuwa sahihi kwa mgeni, na kwa mwenyeji ilikuwa sehemu tu ya hesabu. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliyatungia mambo haya masharti: programu iende ndani ya mashine pepe kama inavyokwenda katika mashine ya kweli, na msimamizi asiachie mamlaka juu ya mali yote ya mashine. Mwaka huohuo Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Haishangazi kwamba maneno haya hatukuyaunda wakati vitu vyenyewe vilipozaliwa.

Wakati huo mfumo wa Unix, uliobuniwa katika maabara ya Bell, ulikwisha kuwa na amri iitwayo df tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1971. Kazi yake ni kueleza nafasi tupu ya diski. Baadaye amri hiyo ilizoea kuanza kwa kusoma daftari, yaani faili la mtab, ambamo amri ya kupachika iliandika kila mfumo wa mafaili iliouunganisha. Linux ikairithi desturi hiyo. Ila daftari la namna hii, mfano wa lile la bawabu, huwajua waliopita mlangoni pake tu. Ulipotokea mradi wa OpenVZ mwaka 2005, seva pepe zake hazikuwa na kiini chao wenyewe. Zote zilishirikiana kiini cha mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyempachikia mgeni mfumo wa mafaili kabla mgeni hajaamka. Amri ya kupachika ya mgeni haikuitwa, daftari halikuandikwa, na df ikalalamika kwamba haiwezi kulisoma. Dawa yake ni kuliondoa daftari hilo na kuweka mahali pake kiungo kinachoelekea /proc/mounts, orodha ambayo kiini chenyewe huitoa kila kinapoulizwa. Siku hizi mifumo mingi ya Linux huja na kiungo hicho tayari.

Jamii ya pili ya mashine pepe, iliyoenea katika kompyuta za kawaida kwa VMware mwaka 1999, Xen mwaka 2003 na KVM mwaka 2007, ina matatizo mengine. Mwenyeji akiikuza diski kutoka gigabaiti 20 hadi 40, df ya mgeni hushikilia 20, kwa kuwa huuliza mfumo wa mafaili, haiulizi diski. Shurti kwanza ipanuliwe sehemu ya diski, kisha mfumo wa mafaili. Hatari zaidi ni pale mwenyeji anapoahidi asichokuwa nacho: wageni 10 wameahidiwa gigabaiti 100 kila mmoja, na ghala lina 500. Kila df husema nafasi ni tele hadi ghala linapojaa, ndipo uandishi wa data unapokwama bila ya mgeni kuelewa sababu. Hata akifuta mafaili yake, nafasi hairudi ghalani mpaka mwenyeji aarifiwe kwa amri mahususi.

Hapo ndipo neno "nafasi" linapotuelemea. Napendekeza tutenge nafasi iliyoahidiwa, nafasi iliyotwaliwa na nafasi iliyobaki, na kila mara tuseme ni kwa hesabu ya nani. "Mgeni" nalo laweza kupingwa, kwani mgeni wetu wa jadi anajua kwamba yuko ugenini, na huyu kwa sharti la 1974 hatakiwi hata kuhisi, mimi ningelibakiza. Ama "pepe", wakulima wa mpunga hulijua kuwa punje isiyo na kiini. Kwa seva za OpenVZ jina hilo limeangukia mahali pake hasa, pengine bila ya aliyelichagua kukusudia.

Mswada ule tuliurekebisha, ukasema: "df haiwezi kusoma jedwali la mifumo ya mafaili iliyopachikwa." Chini yake tukaongeza mstari mmoja ambao haukuwamo katika Kiingereza: "Tazama /proc/mounts kabla ya kufuta chochote."