Uso wa Mwali na Uso wa Kopo

Uso ni sehemu ya mwili isiyovikwa nguo. Jua huupiga, upepo huukausha, moshi wa jiko huuchoma, na watu huusoma kama barua iliyofunguliwa. Si ajabu, basi, kwamba kila taifa lina elimu yake ya kuutunza. Katika Milima ya Uluguru elimu hiyo ilikuwa sehemu ya malezi ya mwali. Historia yake yafaa kukumbukwa leo, maadamu katika mji wa Morogoro ulio chini ya milima hiyo, kama katika miji mingine ya Tanzania, wako wanawake ambao nyuso zao zimekuwa nyekundu, nyepesi kuwasha, na zenye kuliogopa jua.

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi na jina la ukoo, uitwao lukolo, hushuka kwa njia ya wanawake. Kwa hiyo binti avunjapo ungo, ukoo mzima huwa umepata mlango mpya wa kuendelea. Desturi ya zamani ilikuwa kumweka mwali ndani. Kukaa huko kulidumu miezi mingi, na kwa wengine hata miaka. Mtaalamu James Brain, aliyeandika juu ya ibada hiyo mwaka 1978, aliieleza kuwa ni mfano wa kuzaliwa mara ya pili: msichana huingia gizani, na mwanamke hutoka nuruni.

Katika giza hilo mwali alitunzwa kwa mambo matatu: kivuli, chakula na mafuta. Hakwenda shamba wala mtoni. Alilishwa vizuri kuliko siku zote. Mafuta ya kupakwa yalitoka katika mimea, kama yale ya nyonyo, ambayo watu wengi wa bara na pwani waliyatumia kabla ya mafuta ya dukani kufika. Siku ya kutolewa nje mwali alionekana amenenepa, ngozi yake laini, na rangi yake imepungua weusi. Watu walimsifu, lakini sifa hiyo haikuwa ya rangi peke yake. Rangi ile ilikuwa ushahidi kwamba binti ana watu. Mama, shangazi na somo walifanya kazi kwa ajili yake ili yeye apumzike.

Weupe ule ulikuwa na mwisho. Ngozi ikikosa jua hutengeneza rangi kidogo, lakini uwezo wake wa kutengeneza haufi. Mwali akirudi shambani, jua lilimrudishia rangi yake, na hakuna aliyesikitika. Uso ulitoka gizani ukiwa mzima, nao ukalipokea jua kama mwenyeji ampokeavyo mgeni anayemfahamu.

Sehemu ya chakula nayo haikuwa ya bure. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Hispania alieleza ugonjwa wa maskini waliokula mahindi karibu peke yake: ngozi iliyopigwa na jua, ya mikono na shingo, iligeuka nyekundu, kisha nyeusi yenye magamba. Waitalia waliuita pelagra, yaani ngozi yenye ukavu na ukali. Huko Marekani, tangu mwaka 1914, daktari Joseph Goldberger alithibitisha kwamba chanzo chake si uambukizo bali ni upungufu wa chakula. Maharage, karanga, nyama na maziwa huuzuia. Mama wa Kiluguru aliyemwongezea mwali kitoweo hakusoma kitabu cha Goldberger. Lakini wote wawili walikutana katika kweli moja, ya kwamba ngozi hulishwa kwanza tumboni.

Baadaye nyakati zilibadilika. Misheni zilifika milimani, shule zikafuata, na sheria ya elimu ya mwaka 1978 ikafanya masomo ya msingi kuwa ya lazima. Mtoto wa shule hawezi kufungiwa mwaka mzima. Giza la nyumba likafupishwa. Lakini hamu ya uso mweupe haikufupishwa. Lingekuwa kosa kusema kwamba hamu hiyo ilizaliwa na mwali. Utawala wa kigeni ulikuwa umekwisha kuwafundisha watu kwamba weupe ni cheo, na wafanya biashara wakautia weupe huo katika makopo.

Upinzani haukuchelewa. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ukapiga vita nguo fupi, nywele za bandia na mafuta ya kujichubua. Shabaha ilikuwa heshima ya Mwafrika. Lakini aliyeaibishwa barabarani Dar es Salaam alikuwa msichana, na si mwenye kiwanda. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza maradhi ya figo kwa watu waliotumia mafuta yenye zebaki. Mwaka 1975 daktari Findlay wa Afrika Kusini na wenzake walionyesha kwamba haidrokwinoni, iliyotiwa ili kung'arisha, mwishowe huifanya ngozi iwe nyeusi na yenye vipele visivyoondoka.

Hata hivyo, biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, zama za Mzee Ruksa, makopo yaliongezeka madukani. Wanawake wakajifunza kuchanganya mafuta ya namna mbalimbali, wakayaita mkorogo. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliweka mamlaka ya kuyazuia, na mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ikahamishiwa Shirika la Viwango. Lakini sheria hukamata kopo, haikamati hamu.

Miongoni mwa dawa zinazotiwa katika mkorogo zimo steroidi, ambazo daktari huzitoa kwa siku chache kutuliza ukurutu. Zikipakwa usoni miezi mingi huipunguza ngozi unene, mishipa ya damu ikaonekana, na uso ukawa mwekundu. Mtu akiziacha ghafula wekundu huzidi. Akidhani kwamba kopo ndilo dawa, hulirudia, na mtego hufunga. Milimani hatari ni kubwa zaidi. Kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, miali ya jua iunguzayo huzidi kwa takriban asilimia 10, na baridi ya Mgeta humdanganya asiihisi.

Tiba wanayoifundisha madaktari wa ngozi yafanana kwa ajabu na desturi ya ndani. Kopo huachwa kwa uongozi wa daktari. Uso huoshwa kwa maji yasiyo ya moto na sabuni isiyo kali, hupakwa mafuta mepesi yasiyo na manukato, na hufunikwa kwa kofia pana. Ndimu haipakwi, kwa kuwa maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi. Pilipili, pombe na chai ya moto sana huweza kuupandisha damu uso uliokwisha kudhurika, na kila mtu hupeleleza kipi kinamdhuru. Kivuli, chakula na mafuta: mambo matatu yale yale, pamoja na subira.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini si haki kumtupia methali hii mwanamke aliyedhurika, akaachwa peke yake na kioo. Mwali alikuwa na mama, shangazi na somo waliojua siku ya kumwingiza na siku ya kumtoa. Mwenye kopo ameingia gizani bila somo. Naye amngojea mtu wa kumtoa.